Mshenga wa Landrova

Fundi wa Landrova pale Ifakara alikuwa hafungui boneti kabla hajaamkia. "Shikamoo bibi," huiambia gari, kisha huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho kama padri anayesikiliza maungamo. Vidole vyake vilikuwa vimeiva kwa oili, hata kikombe cha chai alikishika kwa viganja, vidole vikiwa vimesimama. Mama Leticia, mwenye gari, alikuwa amechoka. Kila akitelemka kivukoni kufuata mpunga Lupiro, breki zilimsalisha rozari nzima, ndiyo maana siku ile alileta mnunuzi, auze, atafute pikapu yenye afya. Lakini fundi alianza kumkagua mnunuzi kabla mnunuzi hajaikagua gari.

"Kaka, kwako kuna banda? Ukikasirika unabamiza milango? Maana huyu asubuhi hataki kuamshwa na mtu mwenye haraka."

"Nanunua gari au naoa?" mnunuzi akafoka, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

"Fundi, umenifukuzia mteja!" Mama Leticia akashika kichwa. "Breki zikinigomea kivukoni nikazama, wanangu atawalea nani? Wewe?"

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Kisha akaokota gogo la kuzuilia tairi, akapanda kiti cha mbele, akalipakata.

"Washa, mama, twende Lupiro. Breki zikigoma, naruka nalo."