Mutoto Yangu Amejua Kulala, Lakini kwa Kidole ya Shemeki

Admin, unifichie jina, juu shemeki yangu iko na marafiki wengi humu mu groupe. Niko mama ya miaka makumi mbili na sita, tunaishi Bigo, hapa Bunia. Mutoto yangu ya kwanza iko na miezi nane. Niko na wivu, na sioni haya kuisema.

Shemeki ni dada mudogo ya bwana yangu. Vita ilimukimbiza kwao Djugu, akafika kwetu na kikwembe moja tu, ile alikuwa anabebea mutoto yake. Mutoto mwenyewe alikufia mu njia. Nilimupokea na roho moja.

Muganga wa ku centre de santé alinishauri nimuzoeze mutoto yangu kulala mwenyewe: nimulaze angali macho, nitoke. Nikajaribu. Mutoto alilia mpaka jirani wakakuja kuuliza kama kuna habari mbaya, wafunge mizigo wakimbie. Shemeki hakuvumilia. "Yaya, kule porini tulijificha, mutoto akilia wenye silaha wanasikia, tunakufa siye wote." Akatandika kikwembe yake, akamulaza, na bila kubeba, bila kuimba, akamupitishia kidole katikati ya macho, polepole, mpaka akanyamaza. Njo vile alikuwa ananyamazisha wake mu majani.

Basi ikawa yeye anamulaza kila muchana. Mimi mama niko mu jikoni napepeta muchele, natega masikio. Mutoto akimuona anafungua mikono. Akiniona mimi anatafuta ziwa tu. Bwana yangu anacheka: "Weye ni ya maziwa, ule ni ya usingizi." Maneno hiyo ilinichoma.

Juma iliyopita nilimulaza mwenyewe, nikasimama ku mulango. Hakulia. Alishika ncha ya kikwembe ya shemeki, akaipitisha katikati ya macho yake, polepole, akalala. Njo kitu nilikuwa naomba Mungu, lakini nililia, juu hata hapo mimi sikuwamo.

Jana nilimuambia shemeki aende Mambasa, kwa kaka yao mukubwa. Hakubisha. Akakunja nguo tulizomupa, akaacha kikwembe ku kitanda. Nikasema, "Umesahau yako."

"Sijasahau, yaya. Mutoto yangu haiko tena na kazi nayo. Wako bila hiyo hatalala."

Anasafiri kesho, na njia ya Mambasa munaijua vile iko ya hatari. Kikwembe iko hapa mbele yangu, na hata yenyewe naionea wivu. Mama zangu muliolea na shemeki mu nyumba, muniambie: nimuzuie, ao nimuache aende? Na akienda, huyu mutoto atakuwa analala kwa nani?