Mdalasini Si Jani

Juzi nilimpelekea binti yangu shuleni chupa ya maji aliyoisahau, nikakuta darasa limekaa kwa makundi, likiandika viungo vya mashamba ya Kidichi, kila kimoja ni sehemu gani ya mmea. Mwalimu alikuwa akisema, "Wa kuja mbele kujibu namchagua mimi, kwa hiyo kila mtu akijue kilichoandikwa na kundi lake."

Mvulana aliyeshika kalamu akamgeukia binti yangu, mkimya kama mimi mamake. "Na wewe sema basi! Akikuchagua wewe, tumekwisha."

Binti yangu akanong'ona, "Mdalasini si jani. Ni gome."

"Mie nshaandika jani! Siku zote ulikuwa wapi?"

"Hukuniuliza."

Mvulana akafuta, akamsogezea kalamu.

Naomba mkutano wa wazazi nao uendeshwe hivyo. Ila mwalimu asianze na mimi.