Mguu wa Subilaga

Mambo haya nimewaficha watoto wangu wote, na ningeendelea kuwaficha, ila mjukuu wangu Neema anachora watu wake wa kubuni kwenye tableti, anawatungia visa, anawarusha mtandaoni, na juzi akaniambia kwa furaha kwamba kuna mtu anamwandikia mmoja wa hao watu na yeye huwa anamjibu kama ndiye. Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia kaa hapo, bibi yako aliwahi kuaibika kanisani mbele ya baba yake mzazi kwa jambo hilohilo, miaka ya sabini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, karani wa usharika wetu pale Kihesa, Iringa. Kazi yangu kupiga taipu, na kila mwezi kutengeneza kijigazeti cha kurasa nne: unapiga maneno kwenye stensili, ile karatasi laini ya nta, unaifunga kwenye mashine ya kurudufu, unazungusha mpini mpaka bega linauma. Ukurasa wa mwisho mchungaji aliniachia nichore (nadhani hakuwa na la kuweka). Stensili inachorwa kwa kalamu ya chuma, na ukikandamiza kidogo tu inachanika, kwa hiyo watu wangu wote walikuwa wa mistari michache, duara, kilemba, macho mawili, basi. Ndivyo alivyozaliwa Subilaga, mjane muuza viazi, mkaidi, mwenye maneno mengi, ambaye kila mwezi aligombana na kitu, mara mvua, mara mbuzi wa jirani, mara madereva wa malori. Jina nilimpa la Kinyakyusa makusudi, maana Kihesa sikumjua Subilaga yeyote wa kuja kunisuta.

Sasa toleo la kwanza lilipokwisha, chini pakabaki nafasi ya mstari mmoja, na mimi nafasi tupu zinanikera, nikaandika: "Subilaga anaishi Uyole, Mbeya, jirani na soko." Mstari huo tu. Yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Mwalimu mmoja wa elimu ya watu wazima alikuwa akichukua bunda la magazeti yetu kwenda kufundishia kusoma huko bonde la Usangu. Katika darasa lake alikuwamo mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake, jina lake Masanja, mgane wa miaka hamsini na kitu. Barua yake ilikuja kwenye sanduku la posta la usharika, kwa herufi kubwa, kila moja imeegemea upande wake: "SUBILAGA. MIMI MASANJA. NIMEJUA KUSOMA. POLE NA VIAZI."

(Mwezi ule viazi vya Subilaga vilikuwa vimelowa.)

Nilikaa na karatasi ile nusu saa. Niliona wazi kwamba huenda ni barua ya kwanza mtu huyu kuandika maishani, nami nimwambie nini, kwamba ameiandikia duara na kilemba? Nikajibu: "Asante, Masanja. Viazi vingine vilipona. Subilaga." Akaandika tena. Nikajibu tena. Akanieleza habari za ng'ombe wake, mmoja mmoja, na herufi zake zikawa zinanyooka kila mwezi, na mimi (niseme ukweli) nikawa nazingojea. Mpaka ikaja hii: "MIMI SINA MKE. WEWE HUNA MUME. NIMEFIKIRI. NIKIMALIZA KUVUNA NAKUJA UYOLE."

Mtu mwenye akili angekwenda kwa mchungaji siku hiyohiyo akaungama. Mimi nilimvunja Subilaga mguu. Toleo lililofuata gunia la viazi likamwangukia, na picha ya mwisho yupo kitandani anasema, "Sipokei wageni mpaka nipone." Nikajipongeza, nikaona nimeyamaliza, nikasahau kabisa kwamba kwetu mtu akivunjika mguu ndipo wageni wanapoanza safari.

Walianza akina mama wa Kihesa. Walikuja ofisini na unga, maharage, kuku mmoja, wakasema, "Tabitha, mfikishie yule mama wa Uyole, mwambie tunamwombea." Nikapokea. Sikujua nitaanzaje kukataa. Unga nikaupanga nyuma ya mashine ya kurudufu, kuku nikamfunga nje, na kila aliyepita aliniuliza kuku huyo ni wa nani.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, mchungaji akawaomba wageni wasimame. Nyuma kabisa akasimama mzee mrefu, koti limemfupia mikono, ameshika kibuyu.

"Bwana asifiwe," alisema. "Naitwa Masanja, natoka Usangu. Nilianzia Uyole. Siku mbili nimezunguka sokoni namwulizia Subilaga, wauza viazi wananicheka. Naomba anayemchora anionyeshe nyumba yake. Nimeleta samli ya kumkanda, huo mguu usije ukaharibika."

Kanisa zima likanigeukia. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, amekaa benchi la mbele kabisa, naye akageuka polepole.

"Tabitha," mchungaji akasema, "mwelekeze mgeni."

Nikasimama. "Hayupo, mchungaji."

"Amehama?"

"Hapana."

Mama mmoja aliyeleta maharage akauliza kwa sauti ndogo, "Amefariki?"

"Hajazaliwa," nikasema. "Ni picha tu. Nilimtunga."

Masanja alinitazama kwa upole kama mtu anayeangalia ndama mgonjwa. "Na zile barua, mwanangu, nani aliniandikia?"

"Mimi, baba."

Mchungaji, akidhani ananisaidia, akauliza, "Barua za nini hizo?"

"Za uchumba," Masanja akasema bila kuficha kitu.

Kwaya ndiyo iliyoanza kucheka, kisha kina mama, kisha wazee. Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama kama hajawahi kuniona. (Na mimi niliandika habari za viazi tu. Sawa, mara moja niliandika kwamba mvua ikinyesha namfikiria, lakini maana yangu ilikuwa namna atakavyopitisha ng'ombe kwenye matope.)

Baba alingoja ibada iishe. Akaenda kumshika Masanja mkono, akasema, "Ndugu yangu, twende nyumbani ule," kisha akaniambia nikamchukue yule kuku. Nilimpika mwenyewe, nikamnawisha mgeni mikono, nikapiga magoti kuomba radhi. Masanja alikula kwanza, hakuwa na haraka.

"Mwalimu alituambia tuandike kwa mtu tunayemjua," akasema. "Mimi huku namjua nani? Nilimjua huyo." Akasukuma kibuyu kuelekea kwangu. "Samli ni ya mguu. Mguu haupo, basi pikieni." Alipokuwa anavaa koti lake akauliza, kwa aibu kidogo, "Lakini atapona lini?"

Nikamponyesha mwezi uliofuata. Unga na maharage nilivirudisha nyumba kwa nyumba, kwa miguu, na kila nyumba nilianza simulizi upya. Mbele ya baba niliapa kwamba sitajibu tena barua kwa jina la mtu niliyemchora, na kiapo hicho sijakivunja mpaka leo.

Masanja aliandika mara moja zaidi, safari hii kwa jina langu: "TABITHA. NIMEONA ANATEMBEA." Nilimjibu, na baba akaisoma barua kabla hajaniruhusu kubandika stempu. Ilikuwa mistari minne, nayo ilinichukua siku tatu, kwa sababu nilipokuwa Subilaga maneno yalikuja yenyewe, na nilipokuwa mimi sikuwa na la kusema zaidi ya samahani.