Siku Bosi Alipofunga Duka la Dobi

Nilifanya kazi miaka sita katika duka la dobi la Wakorea wawili, mume na mke, hapa Carrollton. Asubuhi nilipiga pasi ya mvuke, mchana nilipeleka nguo kwa wateja kwa gari la duka. Mume nilimwita Bosi. Mke nilimwita Mama, ingawa nilimzidi umri kwa miaka kumi hivi, na yeye aliniita ajoshi, jina ambalo Wakorea humwita mwanamume mtu mzima asiye ndugu yao. Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza, wao chao na mimi changu cha kidato cha nne, na kazi zilikwenda.

Mwaka wangu wa nne pale, mama mzazi wa Mama alifariki huko Korea. Ilikuwa karibu na Pasaka, nguo zimejaa hadi kwenye dari. Bosi alisema duka haliwezi kufungwa, na yeye peke yake halimudu. Basi Mama hakwenda kuzika. Siku ya mazishi alikaa kwenye cherehani yake akipunguza suruali za watu. Nilimpa pole, nikaishia hapo. Hata mimi sikumzika mama yangu kule Muheza, na niliona ni jambo linalotupata sote tuliokuja huku.

Miezi michache baadaye akaanza kuugua. Hakuwa na homa. Aliacha kula, kisha akaacha kulala, akawa anasema kifua kinawaka moto. Aliweza kubana kola ya shati kwenye pasi mpaka inaungua, huku anaiangalia. Daktari alimpa vidonge na alivinywa bila kukosa. Vilimsaidia usingizi, lakini mchana alikuwa kama mtu anayesikilizia hodi. Bosi, ambaye ni mzee wa kanisa, alimwekea mkono kichwani kila asubuhi akamwombea kabla hatujafungua. Mimi niliitikia amina.

Siku moja Bosi ametoka, Mama akaja kwenye mashine yangu.

"Ajoshi, unaweza kunipeleka Houston?"

Alitaka kumwona mwanamke ambaye Wakorea humwita mudang. Sisi tungesema mganga, lakini huyu hachimbi mizizi. Huwapigia ngoma waliokufa, wakaja, wakasema kwa kinywa chake. Bosi tungemwambia tunakwenda Katy, mji ulio jirani na Houston, kumsalimu binti yao.

"Si vizuri Bosi asijue," nilisema.

"Bosi anamjua Mungu tu. Mama yangu hamjui."

Nilikubali. Tulikuta mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya mazoezi, katika nyumba ya kawaida yenye gereji kubwa. Alimwaga punje za mchele juu ya kimeza, akazitazama kwa muda, akasema maneno machache. Mama alinitafsiria tukiwa njiani kurudi. Marehemu yuko mlangoni, hajaingia wala hajaenda zake, kwa sababu ana swali. Siku ya ngoma ilikuwa imepangwa, Jumatatu baada ya wiki mbili.

"Ataniuliza kwa nini sikuja," Mama alisema. "Nitamjibu. Akishajibiwa atakwenda, na mimi nitapona."

"Utamjibu nini?"

"Hilo ni lake, si lako." Kisha akaniangalia ninavyoshika usukani. "Ajoshi, mbona unaendesha kama umebeba mayai?"

"Nimebeba mke wa bosi. Mayai yakivunjika, tunanunua mengine."

Alicheka, mkono umeziba mdomo. Tuliposimama kujaza mafuta alikula mkate wenye nyama akaumaliza wote, akaenda kununua wa pili. Nilikuwa sijamwona akila namna ile tangu mwaka uliotangulia.

Niliyaona hayo kwa macho yangu, na bado nikafanya nilichofanya. Jumamosi kabla ya ngoma, wakati wa kufunga, nilimfuata Bosi kwenye meza ya mbele nikamwambia kila kitu, hata saa ya ngoma na mtaa wa nyumba.

Kwa miaka kadhaa nilijiambia kwamba nilisema kwa ajili ya imani. Baba yangu alikuwa katekista. Shangazi yangu alipopungwa pepo, akafunikwa shuka na kufukizwa ubani, pepo akaomba kanga nyekundu, na baba alisimama nje ya ua akisema kwa sauti, "Pepo gani huyu anataka kanga? Si aende dukani!" Watu walicheka, ngoma ikapoa. Mimi nilicheka pia, na sikumbuki kama shangazi alipona. Basi ningeweza kusema nilirithi. Lakini nilipomfuata Bosi sikuwa nikimfikiria Mungu. Niliogopa kwamba siri ikitoka, mimi nitaonekana mwanamume anayemzungusha mke wa mtu mjini. Pia nilitaka heshima. Kwetu ugonjwa wa mke huzungumzwa na mume, na mtu mzima anayelileta jambo mezani husifiwa. Nilisubiri Bosi anisifu. Aliinamisha kichwa, akasema asante, akazima taa. Nikadhani ataongea na mkewe kwa upole, tena nikalala vizuri.

Jumatatu Mama alikuja amevaa nguo nyeupe, ametulia, kwa hiyo nikajua hajaambiwa kitu. Njia nzima, mwendo wa saa nne, nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Nilizungumzia hali ya hewa.

Gereji ilikuwa imetandikwa mikeka. Mezani palipangwa keki za mchele, samaki mkavu na kichwa cha nguruwe kilichochemshwa. Bibi mmoja alipiga ngoma iliyobanwa katikati, mwingine akagonga upatu. Mimi nilikaa karibu na mlango. Mudang, amevaa joho jekundu, alininyooshea upepeo wake akasema kitu, wale bibi wakaangua kicheko.

"Anasema usogee ule," Mama alinitafsiria. "Mizimu ya Kikorea haili Waafrika."

Nilisogea, nikapewa keki. Ngoma ilipokolea, mabega yangu yalianza kucheza yenyewe na nikayashika kwa aibu. Mudang aliruka mpaka jasho likamtoka, akavua joho, akavaa gauni jipya la kijivu ambalo Mama alimnunulia marehemu. Ngoma ikashuka. Yule mwanamke aliyekuwa akiruka sasa alitembea kwa kuburuta mguu, mgongo umepinda, na Mama akapiga yowe, kwa kuwa mama yake alitembea hivyo. Akamshika Mama mikono yote miwili. Alisema naye kwa sauti ya chini, ya kulalamika, kisha akanyamaza akimtazama machoni. Sikujua neno hata moja, lakini swali hujulikana. Midomo ya Mama ilifunguka.

Hapo mlango wa gereji ukapanda na mwanga ukaingia. Bosi alikuwa amesimama na suti yake ya kanisani.

Ngoma ikakatika. Hakumfokea mtu. Alisema jina la mkewe, akavua viatu, akaja kumshika mkono. Mama alimtazama kama mtu aliyeamshwa.

"Nani yuko dukani?" aliuliza, kwa Kiingereza, sijui kwa nini.

"Nimefunga."

"Leo umefunga," Mama alisema.

Pembeni palikuwa na kitambaa kirefu cheupe ambacho mudang angekipasua mwishoni, kumfungulia marehemu njia. Kilibaki vilevile, kimekunjwa. Mudang, bado na gauni la kijivu, alimuuliza Bosi jambo mara mbili bila kujibiwa. Bosi alimpeleka mkewe kwenye gari lake, mimi nikarudi peke yangu na lile la duka.

Baada ya hapo Mama hakukaa tena kwenye cherehani. Alikaa nyumbani, akawa hasemi, kisha akalazwa hospitali kwa wiki kadhaa. Alipotoka alikwenda kuishi kwa binti yake, kule Katy. Bosi hakunilaumu wala hakunishukuru. Mwaka mmoja baadaye aliniomba, macho yakiwa sakafuni, nimuulize yule mudang kama ngoma inaweza kurudiwa. Nilimpigia simu. Alisema yuko tayari, ila mwenye mama yake aombe mwenyewe. Mama aliulizwa, akakataa. Mimi nikaacha kazi.

Mwaka jana nilikwenda kumwona. Nilimkuta mezani, ametandaza gazeti, anakata mikia ya choroko zilizochipua. Amenenepa kidogo, anasema polepole kwa sababu ya dawa. Nilikaa nikamsaidia kukata.

"Mama, ni mimi niliyemwambia Bosi."

"Najua. Nani mwingine?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Unakata refu mno, ajoshi. Mkia tu."

Nilikata mfupi. Tukaendelea hivyo mpaka rundo likapungua nusu. Kisha akauliza, bila kuniangalia:

"Wewe ulikuwa karibu. Nilimjibu mama?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia. Alisema anakumbuka ile mikono, anakumbuka swali, halafu anakumbuka mwanga. Katikati hapana kitu. Ndiyo sababu alikataa ngoma ya pili: kama alikwisha kujibu, ni aibu kumwita mama tena kutoka mbali.

Ukweli ni kwamba siku ile hakujibu. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, na nilimwona akifungua mdomo tu.

"Ulijibu," nilisema.

"Nilisema nini?"

"Ulisema Kikorea. Sikukielewa."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, Mama. Hata yule wa ngoma alisikia."

Aliacha kukata. Mkono wake ulibaki juu ya gazeti, na choroko moja katikati ya vidole, kwa muda mrefu kiasi kwamba binti yake alichungulia kutoka jikoni. Mimi niliendelea kukata mikia, mifupi kama alivyonifundisha, nikiogopa kwamba nikiinua uso ataniuliza tena.