Pumzi ya Mama Kwenye Santuri

Juzi nilipita Kariakoo, mtaa uleule niliozaliwa, ingawa nyumba yetu sasa ni ghorofa na palipokuwa baraza pamepangwa masufuria. Katika duka la vyombo vya muziki kijana mmoja alikuwa anaunganisha amplifaya. Ikanguruma, mmmmm, nikashika mlango. "Shikamoo bibi, kaa kwanza," akaniambia. Nikaitikia marahaba, nikakaa. Ningemweleza nini, rafiki yangu? Mngurumo ule nilikutana nao miaka ya hamsini, nikiwa mtoto sebuleni kwa bibi yangu, na tangu hapo haujanitoka.

Mama yangu alifariki mimi bado nanyonya. Kabla ya hapo aliwahi kuimba na kikundi cha taarabu cha mtaani, wakarekodi santuri moja. Huo ndio urithi wangu wote. Gramafoni ya bibi ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, sauti yake nyembamba, na santuri husagika kwa sindano, kwa hiyo bibi aliiweka mara mojamoja tu, alasiri, harufu ya maandazi ikitoka uani. Kisha masikio yake yakaanza kuziba. Ikafika siku akainama mpaka sikio likagusa pembe ya gramafoni, akaniuliza, "Imeanza?" Wimbo ulikuwa umeshafika katikati. Alilia, jamani. Alijua masikio yakishaziba kabisa, mwanawe atakuwa amemfia mara ya pili.

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Uhindini, akaapa kwamba dada yake atasikika. Akaja na amplifaya kuukuu iliyotolewa sinema, zito hilo, taa zake za kioo zikiwaka nyekundu kama makaa, pamoja na mashine ya umeme ya kuchezea santuri. Tukaweka. Ukitega sikio sana unasikia kama mbu. Mjomba akajikuna kichwa, akamwinamia bibi sikioni. "Hili lina kifua, halina masikio. Sauti ya sindano ni ndogo mno kwake. Linataka kisanduku cha kutangulia, kiipokee sauti, kiinyanyue, ndipo kilikabidhi dude hili."

"Basi limefanana na mimi," bibi akasema. "Litafutie mwenzake upesi, tusije tukazeeka wote wawili."

Mjomba hakuwa na subira. Akapachika redio yetu mbovu mbele ya lile dude, ndiyo iwe masikio. Wapi! Havikuendana hata kidogo. Kwanza ulikuja mngurumo, vikombe vikatetemeka kabatini, halafu mama akalipuka humo ndani, anaimba mpaka barabarani, sauti kubwa ya chuma. Nje muuza kahawa akaacha kugonga vikombe vyake. Mara akaingia jirani yetu, yule aliyekuwa akiosha maiti za wanawake mtaani, kanga kichwani, miguu peku.

"Nilimwosha kwa mikono hii," akasema. "Nani anamwita?"

 Mjomba akachomoa waya. Bibi, ambaye hakumsikia jirani, alikuwa bado anauliza, "Ndiye yeye? Mbona anapiga kelele? Mwanangu hakuwa na kelele." Siku zilizofuata nilikuwa nikipita sebuleni mbio. Nilijua yumo.

Mjomba akakiunda kisanduku chenyewe, akakipima na kukipima tena mpaka kikakubaliana na lile kubwa. Safari hii jirani aliitwa mapema, asije akashtuka tena. Mngurumo haukuwepo. Sauti ikatoka taratibu, kama ya mtu aliyekaa nasi mkekani, ikajaa chumba bila kutoka nje. Na kati ya ubeti na ubeti kukasikika kitu ambacho gramafoni haikuwahi kututolea: mama alivuta pumzi.

Bibi akanyanyua kidole. "Anapumua." Akanigeukia. "Unamsikia? Anapumua!" Jirani akajifunika uso kwa kanga.

Wimbo ulipokwisha bibi akaitoa santuri, akaifunga kwa kanga yake. "Vitenganisheni hivyo vyombo. Nimemsikia, Mungu awajaze kheri. Sasa mwacheni mwanangu apumzike." Haikupigwa tena. Nilimchukia bibi siku ile, kweli nilimchukia. Yeye alikuwa ameshiba, mimi nimeonja tu.

Wote wameshatangulia: bibi, mjomba, jirani, hata muuza kahawa. Santuri ilinibakia mimi, ndani ya kanga ileile, na miaka yote sikuthubutu kuifungua. Ila juzi, pale dukani, nilishindwa. Nikanunua mashine ya santuri na vyombo vyake, jana yule kijana akaja nyumbani kunifungia, kile kidogo na kile kikubwa, vimepatana, kimya kabisa. Alipoondoka nikaweka santuri.

Mikwaruzo ilikuwa mingi. Chini yake, pumzi ile. Nikafungua mdomo nimwamkie mama yangu kwa mara ya kwanza maishani, kisha shikamoo nikaimeza. Ilikuwa sauti ya binti mdogo kuliko mjukuu wangu. Kwa umri wetu wa sasa, yeye ndiye wa kuniamkia mimi. Nikakaa pale nikimsubiri, marahaba ikiwa mdomoni, mpaka sindano ikafika mwisho.