Umri wa Nelima

Wakulima wa Endebess huuma punje ya mahindi kujua kama imekauka. Nelima, fundi wa redio pale Kibomet, Kitale, aliunda kipimo kinachowatumia jibu kwa simu. Akaenda kwao Bungoma kuomba pesa ambazo serikali hutoa kwa wabunifu wa teknolojia.

"Mama, hizi ni za vijana," karani akamwambia. "Wewe una miaka hamsini na nane. Leta kijana, tuandike jina lake."

"Huyo kijana alikuwa wapi nikichomelea nyaya?"

"Si ndiyo sheria, mama."

"Basi kaa nayo."

Akarudi Kibomet kuunda vipimo, kimoja kimoja. Kila kimoja alikiandika mgongoni: Kimeundwa na Nelima, miaka hamsini na nane.

Mwaka huu anaandika hamsini na tisa.