Mikono Juu, Hatua Moja Nyuma

Mafundi vioo wana sheria ambayo hawajaiandika popote, kwa sababu mwili ndio unaoitunza: kioo kikikuponyoka, usikidake. Inua mikono, rudi nyuma, kiache kiende zake. Anayejaribu kukiokoa hukatwa mishipa, na kioo kinavunjika vilevile. Rula aliijua sheria hiyo tangu ujana. Miaka yote aliyobeba vioo na rafiki yake, yeye mbele na mwenzake nyuma, mikono yao iliachia kwa pamoja, kama ya mtu mmoja.

Rafiki huyo walimwita Taratibu, kwa kejeli tu, maana hata chai aliinywa kama anayekimbizwa. Ngazi iliyomwangusha aliipanda huku akibishana na mtu aliyekuwa chini. Aliangukia mgongo, na kuanzia kiunoni kushuka chini mwili wake haukumsikia tena.

Hospitalini Rula alikuwa mtu wa kila jioni. Alijifunza kumgeuza ili ngozi isichubuke, kumkunja na kumnyoosha magoti, kumvalisha soksi ambazo mwenyewe hakuzihisi. Daktari wa mazoezi, mama mmoja wa sauti ya chini, alimwambia kwamba anamsaidia mgonjwa mpaka anamnyima nafasi ya kujifunza mwenyewe. Rula aliitikia kwa kichwa na kuendelea vilevile. Alikuwa na sababu yake: yule mtu wa chini ya ngazi alikuwa yeye.

Siku moja, kwenye ukumbi wa mazoezi, Taratibu alikuwa akihama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, akijisogeza juu ya ubao laini. Ubao ukahama. Rula, aliyewekwa pale makusudi ili amdake, akainua mikono na kurudi nyuma hatua moja. Rafiki yake akaenda chini kama gunia. Taratibu, shavu lake bado liko sakafuni, ndiye aliyecheka kwanza.

"Jamani, huyu bwana ameniachia kama kioo cha dirisha."

Wagonjwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Rula hakucheka. Tangu hapo akawa hambanduki: alimshika kwapani, begani, kwenye mkanda wa suruali, hata pale pasipohitaji mkono wa mtu.

Taratibu aliporuhusiwa kurudi nyumbani, kwenye chumba na sebule yake nyuma ya karakana, dada yake mkubwa alikataa katakata. Yeye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na alitaka amchukue akaishi kwake, aogeshwe, apakuliwe chakula, asiguse kitu. Hakuwa na ubaya. Aliogopa kwamba mtu anayeishi peke yake akianguka asubuhi atalala sakafuni mpaka jioni. Taratibu akamwambia aje Jumapili na gari, ila kwanza amtazame akijiinua kutoka chini. Akishindwa, atapanda gari bila kusema neno.

Kujiinua kule walikuwa wamekufanyia mazoezi, lakini kila mara mkono wa Rula ulikuwa kwenye mkanda. Hakuna aliyejua, hata wao wenyewe, ni nguvu ya nani iliyokuwa ikifanya kazi.

Jumapili gari lilisimama mlangoni, godoro jipya limefungwa juu yake. Dada akakaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani. Taratibu akajishusha kutoka kwenye kiti cha magurudumu mpaka sakafuni. Rula akasogea, mkono tayari.

"We Rula," Taratibu akasema bila kumtazama. "Simama kama siku ile."

"Siku gani?"

"Ile uliyoniachia."

Rula akainua mikono, akarudi nyuma hatua moja. Katika maisha yake hakuwahi kubeba kitu kizito kama ile mikono mitupu.

Taratibu alivuta kigoda, akakiweka mgongoni pake. Akaikunja miguu yake, mmoja kisha mwingine, kwa upole, kama anayepanga vitu vya mtu mwingine. Kiganja kimoja juu ya kigoda, kingine sakafuni, kidevu kifuani. Akajisukuma. Akateleza, akarudi chini kwa kishindo. Dada akainuka nusu.

"Kaa, dada. Bado sijamaliza."

Ndipo Rula alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Miaka yote ile yeye ndiye aliyetangulia. Mwenzake alikuwa uzito mwepesi wa upande wa pili, sauti inayopiga soga nyuma yake. Sasa aliyaona yale mabega yakifanya kazi. Yalipanda polepole, shingo imevimba, mikono ikitetemeka bila kulegea, na mwili wote, pamoja na ile nusu isiyosikia, ukainuka kutoka chini hewani, ukatua juu ya kigoda. Akapumua. Akaukagua mwenyewe mshiko wa breki za kiti cha magurudumu. Kisha kutoka kigodani mpaka kwenye kiti, kwa mwinuko mwingine mrefu.

Hakuna aliyepiga makofi. Lingekuwa jambo dogo mno kwa kitu kile.

Dada alifungua mkoba, akaufunga tena bila kutoa chochote. Alimtazama mdogo wake kana kwamba wametambulishwa asubuhi ileile. Kisha akatoka nje, akamwambia dereva afungue godoro, alilete ndani. Lile la humu, alisema, limechakaa.

Taratibu aligeuza kiti, akaelekea jikoni kubandika chai. Mlangoni akasimama.

"Shusha mikono, bwana," akamwambia Rula. "Hakuna kilichovunjika."